Rigel: Ile Nyota ya Bluu Inayopita Juu ya Eastlands, na Majina Yake ya Kitambo

Kama ni kati ya Januari na Machi, saa mbili ama saa tatu usiku, na mawingu yamepotea, kuna nyota moja nyeupe inayovuta bluu ambayo inawaka juu sana ya mtaa wako. Haijalishi uko Dandora, Umoja, Kayole, Jericho ama Pipeline. Hiyo inaitwa Rigel. Ni moja ya nyota kubwa na kali zaidi ambazo unaweza kuona kwa macho yako tu, bila chombo chochote.

Jina lake linasikika la kizungu, lakini si lao. Limetoka kwa Kiarabu, na kipande chake kimoja bado kiko kwa mdomo wako kila ukiita mtu Jabari. Hapa tumekuwekea kila kitu cha maana kuhusu nyota hii: ni nini, inaitwaje na nani, inahusiana vipi na Kenya, na venye utaiona ukiwa Eastlands bila kulipa hata bob.

Rigel kwa kifupi

- Jina rasmi: Rigel. Wanasayansi pia huiita Beta Orionis.
- Jina kwa Kiswahili cha elimu ya nyota: Rijili ya Jabari, yaani mguu wa Jabari.
- Kundi lake: Jabari, ambalo wazungu wanaita Orion.
- Aina: jitu kuu la bluu.
- Umbali: karibu miaka ya nuru 860.
- Uzito: karibu mara 21 ya jua letu.
- Upana: zaidi ya mara 70 ya jua.
- Joto la uso: karibu digrii 12,000. Jua letu ni kama 5,500.
- Umri: karibu miaka milioni 8.
- Nafasi yake angani: ya 7 kwa mwangaza kati ya nyota zote za usiku.

Jina Rigel limetoka wapi?

Waarabu wa kitambo waliangalia lile kundi la nyota wakaona mtu mkubwa amesimama. Wakampa jina al-Jauza. Nyota iliyokuwa chini, kwenye mguu wake wa kushoto, wakaiita Rijl al-Jauza al-Yusra, maana yake mguu wa kushoto wa Jauza. Wazungu walipoanza kunakili vitabu vya Waarabu, jina refu likakatwa likabaki neno la kwanza tu: Rijl. Ndio hiyo Rigel. Jina hilo liko kwenye majedwali ya nyota yaliyotengenezwa Uhispania chini ya Mfalme Alfonso, yanayohesabiwa kuanzia mwaka 1252. Kwa hivyo hii nyota ikiitwa Rigel, inaitwa tu Mguu. Kama vile mtu angekuita kwa kiungo cha mwili, na jina likashika miaka 700.

Sasa Jabari anaingia wapi? Waarabu walipotafsiri vitabu vya Wagiriki, wakakuta huko huyo mtu mkubwa ni mwindaji jitu. Wakampa jina lingine, al-Jabbar, mwenye nguvu, asiyeshindwa. Ndipo nyota ya mguu ikapata jina la pili, Rijl al-Jabbar. Kwa vitabu vya zamani vya Kiingereza utapata nyota hii pia ikiitwa Algebar. Ukiisoma polepole utasikia: al-Jabbar. Ni jina la yule boy wa plot yenu, limezungushwa Ulaya likarudi na spelling ngeni.

Kwa Kiswahili, Jabari ni moja ya sifa za Mungu, na pia ni jina la mtu jasiri. Waswahili wakalitumia kwa kundi hilo la nyota pia. Kwa hivyo ukitaka kuongea kuhusu Orion kwa Kiswahili, hauhitaji kuunda neno. Neno liko.

Na Jauza? Huyu naye hakupotea. Kwa elimu ya falaki ya pwani, Jauza ni jina la buruji ya Mapacha. Ni jina moja lililotumika kwa makundi mawili ya jirani, na kwa karne nyingi limewachanganya hata wasomi. Nyota nyingine maarufu ya kundi hili, ile nyekundu inayoitwa Betelgeuse, jina lake lilianza kama "mkono wa Jauza". Mtu aliyekuwa ananakili Ulaya akasoma herufi moja ya Kiarabu vibaya, ya akaiona ba, na kosa lake likakuwa jina rasmi mpaka leo. Juu ya nukta moja tu.

Kuna kitu kingine cha kuchekesha. Mwaka 1603 Mjerumani Johann Bayer alichora ramani ya nyota akazipa herufi za Kigiriki. Betelgeuse akaipa alfa, namba moja. Rigel akaipa beta, namba mbili. Lakini ukipima, mara nyingi Rigel ndio inawaka zaidi. Namba mbili kwa karatasi, namba moja kwa uwanja. Wasee wa mtaa wanaijua hiyo hadithi vizuri.

Jina Rigel lenyewe lilipitishwa rasmi juzi tu, mwaka 2016, na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia.

Kwingine duniani wanaiitaje?

Nyota moja, majina kibao. Wachina wanaiita Shenxiu ya 7, yaani nyota ya saba ya kundi la Watatu. Hao watatu ni zile nyota tatu za mshipi wa Jabari. Japani kuna sehemu ambapo Rigel na Betelgeuse zilipewa majina ya koo mbili zilizopigana vita vikali karne ya 12, Genji na Heike. Bendera ya Genji ilikuwa nyeupe, ya Heike nyekundu. Kwa hivyo nyota nyeupe ikawa ya Genji, nyekundu ikawa ya Heike, na mshipi ukabaki katikati kama refa.

Wamaori wa New Zealand wanaiita Puanga, na hapa kuna somo letu. Kwao mwaka mpya unaanza nyota fulani zikirudi mashariki alfajiri katikati ya mwaka. Makabila mengi huangalia Matariki, kikundi kile kile ambacho sisi tunaita Kilimia. Lakini kwa baadhi ya makabila ya magharibi, inayofungua mwaka ni Puanga. Nchi hiyo iliifanya Matariki kuwa likizo ya taifa, na ya kwanza ilisherehekewa Juni 2022. Yaani jina ambalo nyanya zao walikuwa wanalitaja wakipanda chakula, leo linafanya watu wasiende job.

Na sisi hapa nyumbani?

Tuko na historia kubwa ya nyota kuliko venye shule ilikuambia.

Anza na Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizobanana, mbele ya Jabari. Jina linatoka kwa kulima. Kuna methali ya pwani inayosema kwamba Kilimia kikizama wakati wa jua kitarudi na mvua, na kikizama wakati wa mvua kitarudi na jua. Hiyo ni kalenda ya mkulima. Jina hilo limesambaa kwa Wabantu mpaka Afrika Kusini, ambako Waxhosa na Wazulu husema isiLimela. Wamaasai nao wana jina lao la nyota hizo hizo, Inkokwa, na wanalihusisha na msimu wa mvua.

Halafu kuna Suheli. Hiyo ni nyota inayoitwa Canopus kwa Kizungu, ya pili kwa mwangaza usiku mzima. Kwa Kiswahili, suheli pia ni upande wa kusini. Mabaharia waliitumia sana mpaka jina la nyota likageuka kuwa jina la upande wa dunia. Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi wa Oman wa karne ya 15, aliandika vitabu vizima vya kusafiri kwa nyota, na moja ya kazi zake inahusu njia ya pwani yetu hadi Sofala.

Ukienda kaskazini, Waborana wana kalenda ambayo haifuati jua hata kidogo. Inafuata mwezi na nyota. Kuna miezi inayotambuliwa kwa nyota ambayo mwezi mpya uko karibu nayo: Busan ni Kilimia, Bakkalcha ni ile nyekundu ya Aldebaran, Basa ni Sirius, na katikati yake ziko nyota za Jabari.

Na ukifuata barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, utapita mahali panaitwa Namoratunga, watu wa mawe. Kuna nguzo 19 za mawe zimesimamishwa zikiwa zimeinama. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika kwamba nguzo hizo zinaelekea mahali nyota 7 na makundi ya kalenda ya Waborana yalikuwa yanachomoza zamani. Wengine walipinga vipimo vyao, wengine wakaenda kupima tena, na ubishi haujaisha. Kwa ile orodha yao utapata nyota kadhaa za Jabari, bega moja, mshipi na hata goti lingine. Rigel, yenye kuwaka kuwashinda wote, haimo. Kung'aa pekee hakukufanyi uingie kwa kalenda. Kalenda inataka nyota inayosimama mahali pafaapo, kwa wakati unaofaa.

Kwa nini ni ya bluu?

Jibu liko jikoni. Makaa ya jiko yakianza kushika yanakuwa mekundu. Fundi wa kuchomelea vyuma hapo Kariobangi naye akiwasha mashine yake, ule mwanga unaokata macho ni mweupe-bluu. Nyota ni hivyo hivyo. Kitu kikipata joto sana, rangi yake inatoka kwa nyekundu, inapita njano na nyeupe, inaelekea bluu. Betelgeuse ina joto la karibu digrii 3,300, ndio maana ni nyekundu. Jua liko katikati. Rigel iko juu huko, digrii 12,000.

Ukubwa wake nao ni noma. Ukitoa jua uweke Rigel mahali pake, uso wake ungefika karibu na njia ya Utaridi, sayari ya kwanza. Mwangaza inaotoa unakadiriwa kuwa zaidi ya mara 100,000 ya jua. Bahati yetu ni kwamba iko mbali.

Mbali kiasi gani? Mwanga unakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka jua mpaka kwa paa la nyumba yenu unatumia dakika 8. Kutoka Rigel unatumia karibu miaka 860. Maana yake, mwanga unaoingia jicho lako leo ulitoka huko karne ya 12. Wakati huo msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, wenye maandishi ya mwaka 1107, ulikuwa tayari umesimama zaidi ya miaka 50. Nairobi haikuwa hata kituo cha reli. Hiyo ilikuja 1899.

Na Rigel haiko solo. Ukitumia darubini utaona kando yake nyota ndogo hafifu. Friedrich Struve aliipima mwaka 1822. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba hiyo ndogo yenyewe ni mbogi ya watatu. Jumla, angalau nyota 4.

Itaishi muda gani?

Hapa ndio wengi hukosea. Mtu anadhani nyota ikiwa kubwa ina mafuta mengi, kwa hivyo itaishi sana. Ni kinyume. Nyota kubwa ni kama nganya yenye injini kubwa na muziki wa kupasua dirisha: tangi ni kubwa, lakini inakunywa mafuta vibaya. Jua letu limewaka miaka bilioni 4.6 na bado lina kama bilioni 5. Rigel ina miaka milioni 8 tu, na tayari haidrojeni ya katikati yake imeisha.

Mwisho wake ni mlipuko mkubwa unaoitwa supanova. Siku hiyo itawaka kuliko nyota yoyote angani. Hautatuumiza, umbali ni mkubwa. Na hata ikilipuka usiku wa leo, wenye kuona watakuwa watu wa miaka 860 ijayo.

Jitu la bluu lililopewa umaarufu na Uhuru

Kuna nyota nyingine ya aina hii ambayo Kenya ina mkono ndani ya hadithi yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku nchi ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini, pwani ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Aliyeipa jina ni Marjorie Townsend, mama aliyeongoza mradi huo wa Marekani.

Uhuru ilifanya kazi mpaka 1973 ikaorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo. Kimoja kilikuwa Cygnus X-1. Vipimo vya Uhuru vilionyesha miali yake inabadilika haraka sana, kitu ambacho nyota ya kawaida haiwezi. Wanaastronomia walipotafuta mahali hapo wakakuta jitu kuu la bluu, ndugu wa Rigel, linalozunguka na kitu kizito kisichoonekana. Hicho kisichoonekana ndicho kitu cha kwanza ambacho wanasayansi walikubali kwamba ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyekuwa kiongozi wa kisayansi wa kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa hivyo mtu akikuambia mambo ya anga ni ya watu wengine, mwambie njia ya kwenda kwa shimo jeusi la kwanza ilianzia Malindi, ikiwa na jina la Kiswahili.

Kenya imewahi kupea nyota jina?

Ndio, na rasmi kabisa. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulitimiza miaka 100, ukagawia nchi zilizoshiriki nyota moja na sayari yake ili watu wazipe majina. Kenya ilipewa nyota HD 83443. Leo inaitwa Kalausi, neno la Dholuo la upepo mkali unaozunguka kama nguzo. Sayari yake inaitwa Buru, maana yake vumbi. Buru inazunguka Kalausi kwa siku 3 tu. Wasee wa Buruburu wanaweza kudai nusu ya sayari.

Kalausi haionekani bila darubini. Lakini jina limeshaandikwa, na mwanafunzi wa Chile ama Korea akifungua orodha atakutana na Dholuo.

Venye utaiona ukiwa Eastlands

Nairobi iko karibu sana na ikweta, na Rigel iko karibu na ikweta ya anga. Kwa hivyo sisi tunaipata ikipita karibu juu ya kichwa kabisa. Nyoosha mkono, kunja ngumi: ikiwa juu zaidi, Rigel inakosa utosi wa anga kwa chini ya upana wa ngumi moja, upande wa kusini. Watu wa London wanaiona chini chini, karibu na paa za majirani. Kwa hii, sisi ndio tuko VIP.

Kalenda yake ni hii:

- Julai na Agosti: iko mashariki alfajiri. Kama unatoka mangware kushika mathree ya kwanza, hiyo ndio inakusindikiza.
- Oktoba: inachomoza kati ya saa tatu na saa tano usiku.
- Desemba: inachomoza jua likizama. Usiku wa kuamkia Jamhuri, karibu saa sita na nusu, iko juu kabisa.
- Januari na Februari: wakati mzuri kuliko wote. Katikati ya Februari, saa mbili usiku, iko juu ya kichwa.
- Machi na Aprili: jioni imeanza kuteremka magharibi, upande wa tao, wakati mvua ndefu inaingia.
- Mei: inazama mapema, na kufikia mwisho wa mwezi imemezwa na mwanga wa jioni.
- Juni: sahau.

Namna ya kuitambua: tafuta kwanza nyota tatu zilizopangwa mstari mfupi, zimelingana. Huo ni mshipi wa Jabari. Ukiwa umeangalia mashariki, upande wa Ruai, na kundi linachomoza, Rigel iko upande wa kulia na juu ya mshipi. Betelgeuse iko kushoto na chini. Moja bluu, moja nyekundu, mshipi katikati. Ukiona hivyo umemaliza kazi.

Usichanganye na vitu vingine. Ikiwa inasonga na kupepesa taa, hiyo ni ndege inaenda JKIA. Ikiwa inasonga pole bila kupepesa, ni setilaiti. Ikiwa inawaka sana na haimetimeti, labda ni sayari, Zuhura ama Mshtarii. Na ile nyeupe kali kuliko zote, inayofuata Jabari kwa nyuma, ni Sirius.

Ukipanda juu ya fleti, ongea na caretaker kwanza, kaa mbali na ukingo, na usiende peke yako. Zima mwangaza wa simu, ngoja dakika 15 mpaka 20 macho yazoee giza. Utashangaa ni nyota ngapi zilikuwa hapo.

Mambo ya mulika mwizi

Tuongee ukweli. Zile taa ndefu za mtaa, mulika mwizi, zimesaidia. Mama anayefunga kibanda saa nne usiku anazihitaji, na hakuna nyota yenye thamani ya mtu kuibiwa. Lakini taa inayomwaga mwanga kwa mawingu haimsaidii huyo mama. Taa iliyofunikwa juu inaelekeza mwanga wote chini, kwa barabara, mahali mwizi yuko. Hiyo ni faida kwa mama na kwa macho yako pia.

Stima zilipopotea karibu nchi nzima usiku wa 10 Desemba 2023, Rigel ilikuwa mashariki, imeshachomoza. Wengi walikuwa wanatafuta mshumaa na kucheki kama simu ina chaji. Ikitokea tena, baada ya mshumaa, toka nje kidogo.

Habari njema ni kwamba Rigel ni kali kiasi kwamba hata taa za Eastlands haziiwezi. Ni zile ndogo ndogo zilizo kando yake ndio zinapotea. Kilimia, kwa mfano, mtaani unaweza kuona kama ukungu tu, ama usione kitu. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Huruma anaweza kufika miaka 18 bila kuona nyota ambayo ilikuwa inaamua lini babu yake apande.

Je, ni hii nyota waganga wanasafisha?

Umeona zile karatasi kwa nguzo za stima: kurudisha mpenzi, kushinda kesi, kusafisha nyota. Hapana, si hii. Rigel haijui jina lako, haiwezi kuchafuka na haihitaji M-Pesa yako. Falaki ya kutabiri ni imani ya watu. Kupima nyota na kuijua kwa jina lake ni kazi nyingine, na hiyo ni bure.

Cha kufanya kabla majina hayajaisha

Majina mengi ya nyota ya Kenya hayako kwa kitabu chochote. Yako kwa kichwa cha mtu mmoja mzee, ocha, ambaye hakuna aliyemuuliza. Shosho akienda, jina linaenda naye, na hakuna darubini ya kulirudisha. Rigel ilipona juu kuna watu walikaa chini wakaandika: Mwarabu akaandika, Mhispania akanakili, hata yule aliyekosea nukta alikuwa anaandika.

Likizo hii ukienda ocha, usiku ukiwa safi, mtoe guka ama shosho nje. Muonyeshe zile tatu za mshipi na ile ya bluu kando yake. Muulize kwa lugha yenu: hizi mlikuwa mnaziita nani, na zikitokea mlikuwa mnafanya nini? Rekodi kwa simu. Andika jina, lugha, mahali na tarehe. Akikuambia hana jina la ile ya bluu, muulize ya Kilimia, ya mwezi, ya nyota ya asubuhi. Moja utapata. Halafu mfunze mdogo wako.